Nampeleka mama Tampere (Finland) mwezi wa sita, usafiri wa kule ukoje?

Sangara_wa_Kirumba
Wakuu habari za saa hizi. Mdogo wangu anasoma Chuo Kikuu cha Tampere, kapanga chumba huko Hervanta, na mwezi wa sita namsindikiza mama akamwone maana tangu aondoke hawajaonana ana kwa ana. Tunatua Helsinki. Mama magoti yanamsumbua, ngazi nyingi hawezi na kutembea mwendo mrefu hawezi, halafu dogo kapata kibarua cha kiangazi kwa hiyo mchana tutakuwa wenyewe. Naomba kujua kutoka eapoti tunafikaje bila kuhangaika, mjini tupande nini, teksi zitatumaliza hela au vipi, na wapi nimpeleke mama akafurahi. Yeye ni mtu wa Mwanza kakulia ziwani, akiona maji roho inatulia. Na msosi pia, sisi ni Waislamu.

Mbongo_Kaskazini
Karibuni sana mkuu, mfikishie mama shikamoo yangu. Nimeishi Tampere muda sasa na nikwambie ukweli kwa mtu mwenye magoti mabovu ule mji ni rafiki kuliko miji mingi ya Ulaya niliyopita, we sahau teksi kabisa labda usiku wa manane na mizigo.

Pale eapoti ya Helsinki shukeni chini kwa lifti, kituo cha treni kiko humo humo. Pandeni treni inayopitia Tikkurila, angalieni kwenye ubao, ni dakika chache tu mpaka hapo, hapo mnabadilisha mnachukua treni kubwa ya kwenda Tampere. Safari yote haizidi masaa mawili kama mkiunganisha vizuri. Tiketi ya treni kubwa mnunue mapema mtandaoni, ukinunua siku ile ile bei inapanda, na mchague viti kabisa ili mama asisumbuke.

Mkishuka stesheni ya Tampere mpo katikati ya mji. Hapo nje ndo kuna tramu (treni ndogo ya barabarani), wenyewe wanaita ratikka, imeanza 2021 kwa hiyo ni mpya, sakafu yake ipo usawa mmoja na kituo, mama anaingia kama anaingia sebuleni, hakuna kupanda ngazi hata moja. Chukueni laini namba 3 upande wa Hervanta. Kulipa unagusisha kadi ya benki kwenye mashine humo ndani, na tiketi ile ile unaweza kuhamia basi kabla muda wake haujaisha. Keshi usiitegemee, hakikisha kadi yako inafanya kazi nje ya nchi. Na basi usipolinyooshea mkono linakupita, dereva hana kosa, ndo utaratibu wao. Weka programu ya Nysse (ndo usafiri wa umma wa mji) kwenye simu utaona kila gari linakuja saa ngapi.

Sasa mji wenyewe. Juu kuna ziwa Näsijärvi, chini Pyhäjärvi, na Näsijärvi liko juu zaidi kwa kama mita 18, ndo maana maji yanaporomoka katikati ya mji kupitia mto mfupi unaitwa Tammerkoski. Hayo maporomoko ndo yaliyoujenga mji, viwanda vya nguo na karatasi vilijipanga pale kufuata nguvu ya maji. Kile cha Finlayson kilianzishwa 1820 na Mskoti (mtu wa Scotland), leo majengo yake ya matofali mekundu yamejaa migahawa na ofisi. Mpeleke mama asimame darajani Hämeenkatu aangalie maji, ni hatua chache tu kutoka kituo cha tramu. Kingine, pandeni ile namba 3 upande wa pili mpaka mwisho Lentävänniemi bila hata kushuka, kuna sehemu inapita juu ya maji kabisa kwenye Näsijärvi, dirishani unaona ziwa tu. Kwa bei ya tiketi ya kawaida sijaona matembezi bora kuliko hayo.

Nyota_ya_Pwani
Naongezea hapo, mpeleke mama Laukontori jamani! Ni soko dogo la wazi kando ya Pyhäjärvi, kiangazi kuna boti inaenda kisiwa cha Viikinsaari, safari fupi, mama anakaa tu anapigwa na upepo wa ziwa. Pyynikki pia, ule mnara wa zamani una lifti na chini kuna mkahawa unauza maandazi ya mviringo ya moto yamepakwa sukari, foleni yake utaiona mwenyewe.

Chakula muwe makini na mustamakkara, ile soseji nyeusi ya Tampere, kila mtu atawaambia muionje lakini ni damu ya nguruwe, kwenu haifai. Ulizeni muikku, visamaki vidogo vya ziwani wanavikaanga na unga wa rai (nafaka inayofanana na ngano), mama wa Mwanza atadhani amekutana na dagaa walioshiba. Vinaliwa vizima na kichwa chake.

Mbongo_Kaskazini
Na sauna (chumba cha joto kali na mvuke) asiikose. Rajaportti kule Pispala inafanya kazi tangu 1906, ndo sauna ya umma kongwe kuliko zote Finland, wanawake wana upande wao. Ila mle watu wanakaa uchi na benchi za juu zina ngazi, kwa mama naona bora dogo aulizie kwenye jengo lake, nyumba nyingi za wanafunzi zina sauna ya pamoja na unaweza kuomba zamu yenu wenyewe. Akae benchi ya chini joto ni pole zaidi.

Sangara_wa_Kirumba
Aisee Mungu awabariki, nimemsomea mama kacheka hayo maandazi. Tunaingia kama tarehe 18 hivi tunakaa wiki. Eti ni kweli Mwanza na Tampere ni miji rafiki?

Mbongo_Kaskazini
Kweli kabisa mkuu, ushirikiano wa halmashauri za miji hiyo miwili ni wa miaka mingi, akimwambia mtu katokea Mwanza asishangae wakimjua.

Ila hapo kwenye tarehe angalia sana, hiyo wiki ina Juhannus, sikukuu yao ya katikati ya kiangazi, inaangukia Jumamosi kati ya tarehe 20 na 26. Kuanzia Ijumaa mji unabaki mtupu, watu wote wanakimbilia vibanda vyao vya ziwani, maduka mengi yanafunga na mabasi yanapungua. Nunueni vyakula Alhamisi. Na jua linachelewa kuzama mpaka saa tano usiku na dakika kadhaa, mwambie dogo atafute mapazia mazito chumbani la sivyo mama hatalala.