Madevelopa wa mifumo ya mikopo, mwezi siyo siku 30!

Wakuu, leo sinyamazi.

Shangazi yangu anauza mitumba, na yuko kwenye kikoba cha akina mama wa mtaani kwao. Walichangishana, wakamlipa developa awatengenezee mfumo waachane na madaftari. Tarehe 31 Januari 2024 shangazi akakopa, marejesho kila mwisho wa mwezi. Meseji ikaingia kwenye simu: rejesho la kwanza 2 Machi. Akaiandika kwa peni nyekundu. Jumamosi hiyo ya tarehe 2 kaenda asubuhi na hela mkononi, anaambiwa umechelewa tangu jana, faini 5,000.

Nikaomba nifunguliwe huo mfumo nione. Jamani!

Meseji inatoka kwenye JavaScript, lugha ya kuandikia programu, kwa amri ya setMonth inayobadilisha mwezi: mwezi jumlisha moja. Kwa hiyo 31 Januari ikageuka 31 Februari, na JavaScript haikatai tarehe isiyokuwepo, inasukuma mbele siku zilizozidi. Februari hii ina siku 29, zikabaki mbili, ndiyo hiyo 2 Machi. Sehemu ya faini developa kaiandika kivyake: siku 30 mara sekunde 86,400 za siku moja. Hiyo inaangukia 1 Machi. Na mkataba, karatasi yenye sahihi ya shangazi, unasema mwisho wa mwezi, yaani 29 Februari. Mkopo mmoja una tarehe tatu!

Rejesho linalofuata nalo linahesabiwa kutoka 2 Machi, kwa hiyo ni 2 Aprili, 2 Mei, halirudi tena mwisho wa mwezi. Upande wa faini, miezi 12 ya siku 30 inaisha 25 Januari 2025, siku 6 kabla mwaka haujatimia.

Nikaangalia na orodha ya wanachama. Aliyezaliwa 1 Januari 1990 anasomeka 31 Desemba 1989, kwa sababu saa sita usiku ya kwetu ni saa tatu usiku ya jana yake kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, na developa tarehe kaikata kwenye UTC. Tarehe ya kuzaliwa inahitaji saa ya nini? Hifadhi siku, mwezi na mwaka, basi.

Hesabu kila rejesho kutoka tarehe ya mkopo, siyo kutoka rejesho lililopita. Mwezi usipokuwa na tarehe 31, chukua siku yake ya mwisho. Kwenye Java, lugha nyingine ya programu, amri ya plusMonths ya LocalDate (tarehe isiyo na saa) inachukua siku hiyo ya mwisho yenyewe. Na hesabu iandikwe sehemu moja, meseji na faini zote zisome hapohapo.

Nimempigia aliyeutengeneza, ananijibu eti ni tofauti ya siku moja tu. Siku moja hiyo ni elfu tano ya mtu anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi robota likifunguliwa. Na waliokopa naye siku ileile wako sita, wote wamekatwa.