Bwawa letu la kuvulia samaki, chini ya tuta haikauki. Nizibe au niache?

Kifungua_Mlango
Wakuu habari za saa hizi. Mzee wetu alijenga bwawa miaka ishirini na kitu iliyopita, sio la kumwagilia wala nini, ni la starehe tu, tunavua samaki, watoto wanaogelea, kuna na kamtumbwi. Tuta ni la udongo mtupu, katikati linafika kama mita 5 kwenda juu, na maji yakijaa yanatanda kama hekta moja hivi. Mzee ameshatangulia mbele za haki kwa hiyo saivi liko mikononi mwangu na wadogo zangu.

Sasa mvua zimekata wiki ya pili hii lakini chini ya tuta upande wa nje kuna sehemu ukubwa wa mkeka haikauki. Nyasi za pale ni kijani kuliko kwingine kote, ukikanyaga mguu unazama mpaka kifundoni, na kuna kitundu kama cha kidole kinatoa maji taratibu. Fundi mmoja wa nyumba kaniambia nishindilie udongo wa mfinyanzi afu nipige zege juu, kwisha habari. Mwingine anasema mabwawa ya udongo yote yanavuja niachane nalo. Nimsikilize nani?

Juu ya tuta pia kuna miti mitatu mikubwa, ndo kivuli chetu. Na pale kwenye utoro wa maji, ile njia ya kutolea maji ya ziada, tuliweka wavu wa chuma samaki wasitoroke pamoja na mbao mbili ili maji yapande watoto wapate kina cha kurukia. Hayo nadhani hayahusiani, nimetaja tu. Nawasilisha.

Ndoano_Kavu
Mkuu udongo sio plastiki, lazima maji yapenye. La kwetu linavuja tangu nazaliwa na samaki tunakula. Usijipe presha.

DadaKoleo
Ndoano usimpoteze mwenzio. La kwetu nalo lilivuja hivyohivyo miaka na miaka, maji meupe kabisa, tukazoea. Siku moja asubuhi mdogo wangu akaja anasema maji ya pale chini yamekuwa kama chai ya maziwa, tukamwambia ni tope la mvua tu. Kufika jioni kile kitundu kinaingiza ngumi. Usiku tuta likaenda, kesho yake kuna pengo unapitisha trekta na samaki wametapakaa shambani. Hakufa mtu kwa sababu chini yetu kulikuwa na mashamba tu. Wewe chini yako kuna nini? Anza na hilo.

Kifungua_Mlango
Dah pole sana dada. Chini kama mita 400 kuna jirani ana nyumba mbili, na kuna barabara ya vumbi watoto wa shule wanapita.

Fundi_Tuta
Mnabishana kuhusu kitundu, mi kilichonishtua ni wavu na mbao.

Matuta ndo kazi yangu. Tuta la udongo likipitiwa na maji juu yake halina ujanja, maji yanalichonga kuanzia upande wa nje na ndani ya masaa machache hamna kitu. Kinachozuia hilo ni utoro tu. Sasa wewe umeuziba mara mbili, mbao zimekula ile nafasi iliyokuwa imeachwa kati ya maji na kichwa cha tuta, na wavu mvua kubwa ikija na majani na matawi unageuka ukuta. Ukisoma habari za mji wa Johnstown, Pennsylvania, kule Marekani, utadhani wanakuongelea wewe. Lilikuwa bwawa la udongo la klabu ya matajiri, la kuvulia na kutembezea boti. Utoroni wakaweka vyuma samaki wao wasikimbie, kichwa cha tuta wakakishusha, na mabomba ya kupunguzia maji yalikuwa yameshang'olewa na mmiliki wa nyuma wala hawakuyarudisha. Tarehe 31 Mei 1889 ikapiga mvua, uchafu ukajaa kwenye vile vyuma, maji yakapita juu. Mji ulikuwa zaidi ya kilomita 20 kwenda chini na walikufa watu 2,209.

Lako ni dogo sawa, ila piga hesabu. Hekta moja kwa kina cha wastani mita 2 ni mita za ujazo 20,000, na kila mita moja ya ujazo ni tani moja. Tani 20,000 ziko juu ya jirani yako usiku kalala. Kwa hiyo mbao na wavu toa leo, samaki watakaotoroka watoroke.

Tukija kwenye mvujo. Ndoano hajakosea sana, tuta la udongo kutoa maji kidogo ni kawaida, shida ni maji yanatoka na nini. Yakitoka meupe na kiasi hakibadiliki unakuwa na muda wa kujipanga. Yakitoka na udongo maana yake tuta linaliwa kwa ndani, linaanza kuliwa huku yanakotokea na tundu linarudi nyuma kidogo kidogo kulifuata bwawa, siku likifika ndo yale ya DadaKoleo. Kwa juu huoni chochote, tuta zuri na nyasi zake.

Na zege la yule fundi hapana kabisa! Ukiziba upande wa nje maji hayajaacha kuingia huku kwingine, yanajazana ndani ya tuta, presha inapanda, yanatafuta pengine pa kutokea au ule mteremko wote unalainika unaporomoka. Pale panatakiwa pa kutolea maji bila kutoa udongo, yaani mchanga safi kwanza, juu yake kokoto ndogo, juu yake kokoto kubwa, maji yapite chembe za udongo zibaki. Ukubwa wa mchanga unategemea udongo wa tuta lako kwa hiyo tafuta injinia wa mabwawa aje aone, sio fundi wa nyumba, samahani kwa mafundi nyumba.

Kabla hajafika pima. Chimba kijimfereji, maji yote yapite kwenye kabomba kamoja, kinga ndoo uhesabu dakika inazochukua kujaa, andika pamoja na kimo cha maji bwawani siku hiyo. Na chota kwenye chupa ya kioo ulaze usiku kucha uone asubuhi kitakachotulia chini.

Ndoano_Kavu
Haya nimenyoosha mikono, kesho na mimi nakwenda na chupa. Ila miti si ndo inashika udongo jamani?

Fundi_Tuta
Nyasi fupi ndo zinashika. Mti mkubwa upepo ukiung'oa unaondoka na donge la tuta, na ukifa mizizi inaoza inaacha mirija, maji yanapenda sana hiyo. Ila msikimbilie kung'oa visiki bwawa likiwa limejaa! Kisiki kinatolewa maji yakiwa chini na shimo linajazwa tabaka kwa tabaka huku unashindilia. Mashimo ya panya na mchwa pia muyaangalie, hayo hayaonekani mpaka ufyeke.

Kifungua_Mlango
Nimerudi wakuu. Mbao na wavu nimetoa jana ileile, nyuma ya wavu kulikuwa na majani yameshikamana kama godoro, nimetoa toroli tatu, kumbe hata mvua za juzi maji yalikuwa yanapita kwa shida. Ndoo ya lita 20 jana ilijaa kwa dakika 6, leo asubuhi dakika 5 na nusu. Na kwenye chupa kuna utando mwembamba wa udongo chini, ukiinamisha unateleza kama vumbi. Hii ni mbaya?

Fundi_Tuta
Sio nzuri. Usisubiri, anza kushusha maji leo. Kama hakuna bomba la chini vuta kwa mpira mnene juu ya tuta, ujaze maji kwanza ncha zote umeziba, ukifungua kwa pamoja utavuta wenyewe. Mdomo wa kutolea uupeleke mbali na tuta. Shusha sentimita 15 kwa siku, ukiona hali inabadilika fanya 30, haraka kuliko hapo upande wa ndani uliolowa unaweza kuteleza, ila maji yakigeuka rangi, hiyo sheria isahau, toa watu kwanza. Jirani umemwambia?

Kifungua_Mlango
Nimeenda usiku na tochi. Nimempa namba, na tumekubaliana nikipiga haulizi swali, anatoka na familia wanapanda kile kilima cha kushoto. Mkewe kaniuliza bwawa lina miaka mingapi, nikamwambia ishirini na kitu, akanyamaza tu. Injinia anakuja Jumanne.

DadaKoleo
Hapo umefanya la maana. Watoto wamesemaje?

Kifungua_Mlango
Wamenuna. Ngazi yao ya kupandia kutoka majini saivi inaning'inia hewani.