Boti nimekodi mimi, nahodha kanipokonya mshipi wa kuvulia mbele ya mwanangu!!!

Wakuu, nimetoka kuvua Ziwa Tanganyika saa hii, suruali bado mbichi, na mikono inatetemeka kwa hasira.

Nimepokonywa mshipi. Mkononi! Boti nimekodi mimi, mafuta nimelipia mimi, samaki kanasa kwangu, halafu mtu ananisukuma kwa kiwiko na kuniambia: "Kaa chini bwana, utanipotezea samaki wangu." WANGU!

Simtaji. Mnamjua. Mwalo mzima wa Kibirizi hapa Kigoma unamjua, na sauti yake hata Kongo ng'ambo wanaisikia bila simu. Akianza kujisifu, migebuka inahama ziwa.

Tulitoka alfajiri na kijana wangu wa darasa la nne. Tangu Januari namwahidi, mwezi wa nne baba atakupeleka kuvua. Tukazunguka rasi ya Bangwe, maji kimya kabisa. Nikamwambia ziwa hili kina chake kinafika mita 1,470, duniani linazidiwa na Baikal tu. Akachungulia majini, akashika jaketi lake kwa mikono miwili.

Saa tatu kasoro, karibu na miamba, mshipi ukakaza. Ukanichana kidole cha shahada, damu ikachuruzika hadi kwenye kiwiko, sikujali. Nikamwona anageuka chini: tumbo la njano, madoa meusi ubavuni. KUHE! Mtoto akapiga kelele, "Vuta baba!" Nikavuta mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne mkono wa mtu ukapita juu ya bega langu, ukanipokonya mshipi.

"Samaki wangu." Mbele ya mwanangu!

Tulipofika mwaloni akapiga naye picha, akamuuza kwa mama mmoja kabla sijavaa viatu. Eti samaki ni wa boti. Mtoto kaniuliza, "Baba, samaki wetu yuko wapi?" Sina jibu hadi sasa.

Mla Ugali: Pole mkuu. Ila swali dogo, huyo kuhe alikuwa na kilo ngapi?

Kibirizi Juu: Nimemtambua kwa neno moja tu, "wangu" 😂😂 Mwaka jana aliniambia hata mawimbi ni yake.

Mzee wa Katonga: Mtoa mada, kuhe akishanasa anakimbilia kwenye mawe, mshipi unakatika. Nahodha kakuokolea samaki. Ukoo wa sato huo, ila huyu anafika hata kilo 4, si wa kujifunzia.

Mtoa mada: Mzee wangu, kwa heshima zote, ukatike! Ukatike mkononi mwangu! Nimelipia kuvua, sikulipia kumtazama yeye akivua. Na amesema WANGU.

Dada wa Mwanga: Mwanaume mzima unapokonywa mshipi unabaki unatazama? Ungemng'ang'ania.

Mtoa mada: Katikati ya maji, na mtoto ndani ya boti, ning'ang'anie nini dada yangu?

Unyanyembe Asilia: Nyie angalau mmemwona samaki. Sisi Tabora tunaletewa dagaa nusu yake mchanga. Jana nimeosha maji saba, la nane bado linakwaruza meno. Mnaanika chini kwa nini?

Kibirizi Juu: Hao wa mchanga si wa kwetu, sisi tunaanika kwenye chanja. Umeuziwa dagaa wa Mwanza.

Unyanyembe Asilia: Dagaa wa Kigoma namjua tangu nazaliwa, usinifundishe. Kachoma mdomo kwa mchanga wa huko kwenu.

Mla Ugali: Dagaa wa Mwanza na wa Kigoma wanalinganishwa vipi jamani? Hiyo ni dhambi.

Mtoa mada: Wakuu turudi kwenye mada. Kanipokonya mshipi.

Mzee wa Katonga: Shida ni bei. 2024 ziwa lilipofungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, tuliambiwa samaki watazaliana. Mbona dagaa bado hashikiki sokoni?

Dada wa Mwanga: Na mbalamwezi je? Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti dagaa, wavuvi wanalala, basi wachuuzi wanajipandishia wanavyotaka. Juzi kisado nimetajiwa bei nikadhani ananiuzia na mtumbwi.

Unyanyembe Asilia: Wa mchanga au wa chanja?

Mtoa mada: Mwanangu kalala bila kula. Kasema hataki tena kwenda ziwani.

Kibirizi Juu: Dada, huyo mchuuzi yuko upande gani wa soko? Nami nimetajiwa bei hiyohiyo.

Mla Ugali: Mwenye dagaa wa chanja aje PM, nataka visado viwili.