MREJESHO: Honda CG125 ya marehemu babu imewaka!

Wakuu habarini, niliuliza hapa kama hii pikipiki Honda CG125 niliyoachiwa na babu mzaa mama inafufulika, maana imekaa bandani Makorora miaka na miaka na chumvi ya bahari ya hapa Tanga ilishaila. Imewaka!

Tenki ndo lilikuwa balaa. Aliyenishauri nitoe kutu kwa siki Mungu akubariki sana, nilijaza nikatia na nati chache nikawa nalitikisa, likatoka tope jekundu zito mpaka fundi akaguna, nikasuuza na maji ya magadi nikalikausha hapohapo juani kutu isirudi. Kabureta nayo, jeti ndogo (kile kitundu cha kupitisha petroli) ilikuwa imeziba kabisa. Cheche nayo hafifu, hii ni ya zamani ya volti 6 yenye kontakti (vile vidude vya kukata na kuunga umeme wa cheche), tukazipiga msasa laini na kuweka kondensa mpya (inayozuia kontakti zisiungue), plagi ikatoa cheche ya bluu safi.

Kuna walioniambia nifunge injini ya Kichina nipumzike, hapana jamani, modeli hii imeanza kutengenezwa 1976 na pikipiki kibao za Kichina zimeiga injini hiihii, ndo maana ringi na gasketi nimepata palepale Ngamiani kwa bei ya spea za bodaboda.

Rangi siigusi. Pale goti la babu lilipokuwa linagusa tenki pamechubuka mpaka bati linaonekana, pabaki hivyohivyo. Mama alivyosikia mlio akatoka jikoni mbio, "baba huyo!"

Bado spoki za nyuma na balbu ya mbele ya volti 6, mwenye nayo anicheki.