Kwa nini Nyuzilandi haina mnyama wa asili wa nchi kavu anayenyonyesha isipokuwa popo?

Mwalimu wa Masaka

Salaam kwenu nyote. Ninafundisha jiografia katika shule ya sekondari, na wiki iliyopita, tulipofika kwenye visiwa vilivyo mbali na mabara, mwanafunzi mmoja aliniuliza swali ambalo nililijibu kwa maneno mengi bila kulijibu hasa. Alikuwa amesoma kwamba Nyuzilandi ina eneo la kilomita za mraba 268,000 hivi, ilhali Uganda yetu ina 241,000, akataka kujua inakuwaje nchi inayotuzidi ukubwa, yenye misitu, mito na majani tele, ikose swala, nyani na hata panya wa asili, na badala yake ijae ndege wasioruka. Nilimwambia ni kwa sababu ya kutengwa na bahari. Akanijibu kwamba hata Visiwa vya Ssese, katika Ziwa Victoria, vimezungukwa na maji, na bado vina wanyama. Hapo kengele ikalia, nami nikashukuru.

Ningependa pia kueleweshwa juu ya mvua. Katika ramani ya kitabu chetu pwani ya magharibi ya Kisiwa cha Kusini imepakwa rangi ya mvua nyingi kupindukia, na hatua chache tu upande wa mashariki kuna rangi ya nchi kame. Nilidhani mchapaji amekosea.

Mwongoza Watalii, Fort Portal

Mwalimu, mwanafunzi wako ana akili, lakini Ssese si mfano unaofaa, kwa kuwa visiwa vile viko karibu na nchi kavu, na ziwa lenyewe limewahi kukauka, hivyo wanyama walipata nafasi ya kufika. Nyuzilandi iko kadiri ya kilomita 2,000 kutoka Australia, na ardhi yake ilianza kujitenga na bara kuu la kale la Gondwana miaka milioni 80 hivi iliyopita. Tangu hapo mnyama wa miguu minne hakuweza kuvuka. Walioweza ni wenye mbawa, na ndiyo maana popo wapo.

Kazi yangu ni kuwaonyesha watu ndege wa Kibale na wa milima ya Rwenzori, kwa hiyo niruhusu nikae kidogo kwenye ndege. Nafasi ambazo kwetu zimeshikwa na wanyama, huko zilishikwa na wao. Moa, ambaye ametoweka, alikula majani kama swala anavyofanya hapa. Hakuwa na mbawa hata za dalili, na majike wa aina kubwa waliponyoosha shingo walifikia mita tatu na zaidi. Kiwi hutoka usiku, hutembea kwenye majani makavu ya msituni na kunusa minyoo kwa pua zilizo kwenye ncha ya mdomo, jambo ambalo sijaliona kwa ndege yeyote wa kwetu. Hata mmoja wa popo wao hupenda kutambaa ardhini akitafuta chakula, kana kwamba amejiteua kuwa panya.

Sasa sikiliza jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo la kumwambia mwanafunzi. Ndege hawa hawakuishi bila adui. Adui walikuwa ndege wenzao, mkubwa wao akiwa tai mmoja aliyewinda moa na ambaye uzito wake ulifikia kilo 15 hivi. Tai huwinda kwa macho. Basi kinga iliyofaa ilikuwa kutulia tuli na kufanana na majani. Kakapo, kasuku mzito wa kijani asiyeruka, hufanya hivyo hadi leo: akishtuka, huganda mahali alipo. Lakini mwili wake una harufu kali, na mnyama anayewinda kwa pua hahitaji kumwona.

Mkulima wa Mbarara

Nitajibu la mvua, kwa sababu niliishi Kisiwa cha Kusini miaka miwili nikisomea kilimo. Mchapaji wa kitabu chako hakukosea.

Nchi ile iko kati ya latitudo 34 na 47 kusini mwa ikweta, kwenye njia ya pepo za magharibi zinazovuma juu ya bahari tupu bila kukutana na bara la kuzipunguza. Mbele yake umesimama ukuta wa milima ya Alpi za Kusini, ambayo kilele chake, Aoraki, kina mita 3,724. Si mrefu kama Margherita yetu, kilele cha Rwenzori, cha mita 5,109, lakini safu yenyewe ni ndefu na imekaa kukingama upepo. Hewa yenye unyevu hulazimika kupanda, hupoa, na kumwaga maji yote upande wa magharibi. Milford Sound, kwenye pwani hiyo ya magharibi, hupata zaidi ya milimita 6,000 kwa mwaka. Ukivuka milima hadi Otago ya Kati, umbali ambao kwa mstari ulionyooka unazidi kidogo tu ule wa Kampala hadi Masaka, unakuta mahali panapopata chini ya milimita 400, ambako watu hawalimi matunda bila kumwagilia. Siku za upepo wa magharibi nilikuwa nikiona wingu limelala juu ya milima kama blanketi, huku sisi upande wa pili tukipigwa na upepo wa joto na mkavu.

Milima yenyewe inatokana na mabamba mawili ya ardhi, la Pasifiki na la Australia, yanayosukumana chini ya nchi hiyo. Ndiyo sababu ya matetemeko, na katika Kisiwa cha Kaskazini ya volkano. Ziwa Taupo ni shimo lililoachwa na mlipuko mkubwa. Kuhusu joto, wastani wa mwaka ni nyuzi 16 hivi kaskazini na 10 kusini. Mwezi wa Julai nilivaa sweta mbili na bado nikatetemeka, nikaandika nyumbani waniletee ya tatu.

Mzee wa Entebbe

Wanangu, mmeeleza vizuri jinsi ndege walivyoishi, ila hamjasema walivyoangamizwa. Wamaori, wenyeji wa kwanza wa nchi ile, walifika kati ya miaka ya 1250 na 1300 wakiwa na mbwa na panya, na moa wote wakaisha kwa muda mfupi baada ya hapo. Kisha Wazungu wakaleta sungura, na sungura walipoharibu malisho, kuanzia miaka ya 1880 wakaletwa wanyama wa jamii ya kicheche ili wawale. Wataalamu wa ndege walionya, hawakusikilizwa. Vicheche wakagundua kwamba yai la kiwi na kinda lake havikimbii kama sungura.

Nilifanya kazi ya uvuvi miaka mingi, na habari hii ninaisoma kama ya kwetu. Mbuta (sangara), samaki mkubwa anayewinda wenzake, alitiwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na kuendelea, na kufikia miaka ya 1980 nkejje, samaki wadogo wasiopatikana mahali pengine popote duniani, walikuwa wametoweka kwa aina nyingi sana. Nao pia hawakuwahi kumjua mwindaji wa ukubwa ule.

Mwanafunzi wa Zuolojia, Kampala

Shikamoo Mzee. Ninakubaliana nawe kuhusu nkejje, lakini naomba tusiyalinganishe mambo haya mpaka mwisho. Mbuta analisha familia nyingi na viwanda vya minofu, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema aondolewe; kicheche wa Nyuzilandi hamlishi mtu, na serikali yao iliweza kutangaza mwaka 2016 lengo la kumaliza panya, posamu na jamii ya kicheche kufikia 2050. Mwalimu, kwa kuwa uko Masaka, wapeleke wanafunzi Ziwa Nabugabo. Ziwa hilo dogo lilitengwa na Victoria kwa tuta la mchanga miaka 4,000 hivi iliyopita tu, na tayari lilikuwa na nkejje wake wa pekee. Hapo wataona kutengwa kunavyofanya kazi bila kupanda ndege.

Nina marekebisho mawili kwa Ndugu wa Fort Portal. Kwanza, si kweli kabisa kwamba hapakuwahi kuwa na mnyama wa miguu minne. Karibu na St Bathans, huko Otago, vilipatikana vipande vya mifupa ya mnyama mdogo kama panya, vyenye umri wa zaidi ya miaka milioni 16, na habari hizo zilitangazwa mwaka 2006. Walikuwapo, wakafa. Pili, wengi hudhani mababu wa kiwi walitembea kutoka Gondwana. Uchunguzi wa DNA uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba jamaa yake wa karibu zaidi ni yule ndege mkubwa aliyetoweka wa Madagaska, hapa jirani, na si moa. Visiwa hivyo viwili vilitengana zamani mno, hivyo maelezo yanayoingia akilini ni kwamba mababu waliruka, kisha wakaacha kuruka.

Mwalimu wa Masaka

Nawashukuru sana. La Nabugabo nimelichukua, na nitaomba ruhusa ya safari muhula ujao. Nina swali moja dogo: kitabu chetu kinamwita tuatara, mtambaazi wa Nyuzilandi, mjusi. Ni sahihi?

Mwanafunzi wa Zuolojia, Kampala

Si sahihi, Mwalimu. Anafanana na mjusi, lakini ni wa oda (kundi kubwa) nyingine ya reptilia, ambayo ndugu zake wengine wote duniani walikufa zamani. Huishi hata zaidi ya miaka 100, na yai lake likitunzwa kwenye udongo wenye joto zaidi hutoa dume. Futa neno mjusi katika kitabu hicho kwa kalamu.