DARASA LA KONA 📐 (watu 31)

Monita [06:12]: Habari za asubuhi wanadarasa. Nakumbusha mara ya tatu hii, Mwl wa Hesabu anaagwa tarehe 28 na tulikubaliana kila mtu arekodi sauti dakika moja, aseme kitu KIMOJA alichofundishwa na Mwalimu ambacho mpaka leo anakitumia. Tuko 31. Nimepokea sauti 2 na moja ni yangu

Monita [06:13]: Mwisho leo saa mbili usiku

Monita [09:40]: Tiki za bluu naziona jamani. Mnasoma mnapita

Kengele [10:05]: Monita bado anaandika majina ya wapiga kelele 😂😂

Mtoro [10:06]: sasa hivi anaandika ya walionyamaza

Monita [10:06]: Chekeni tu. Kengele yako iko wapi?

Kengele [10:09]: mi ntasema nini sasa, alinifundisha kugawanya sehemu kwa sehemu, geuza ya pili halafu zidisha. Tangu mtihani sijaigusa tena

Mtoro [10:09]: hata kwenye mtihani hukuigusa

Kamusi [10:31]: Mimi nimebaki na majaribio yake ya asubuhi. Maswali matano kabla hata hujakaa vizuri, matatu ya jana, moja la wiki iliyopita na moja la zamani huko mpaka unajiuliza hili tulisoma lini, tulimchukia kweli. Sasa na mimi nafundisha, na chuoni nikakuta Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia Mjerumani, alishaandika tangu 1885 jinsi mtu anavyosahau upesi asiporudia, na kwamba kurudia kidogo kidogo siku tofauti kunashika kuliko kukomaa kwa mkupuo mmoja. Kumbe mzee hakuwa anatuonea. Sasa hivi nachukiwa mimi

Monita [10:33]: HII NDO NATAKA. Rekodi hivyohivyo

Kamusi [10:33]: nikitoka kipindini

Mtoro [10:40]: 31 gawanya kwa 2, onyesha njia

Kengele [10:41]: 15, anabaki monita 😂

Monita [10:52]: Onyesha njia! Ndo nimeisema hiyo kwenye sauti yangu. Jibu ukikosea lakini hatua ziko sawa maksi alikuwa anakupa. Na mimi kazini nikiharibu naweka hatua zote mezani, watu wanaona nilipoteleza, tunarekebisha, yanaisha. Yule mtu alikuwa wa haki sana

Dawati la Nyuma [13:22]: Haki?

Kengele [13:22]: eeh kumbe yupo humu

Dawati la Nyuma [13:29]: Jumlisha 1 mpaka 100. Niliandika 5050 basi. Nikapigwa sifuri, nikasimamishwa mbele, na kuna mtu akanyoosha mkono akasema nimeangalizia kwake. Jina sitaji ila ndo admini wa kikundi hiki

Mtoro [13:30]: jamani hiyo tarehe 28 tunavaa sare au?

Monita [13:34]: Tulikuwa watoto. Na wewe hukuandika njia hata mstari mmoja

Dawati la Nyuma [13:41]: Njia ilikuwa kichwani. 1 na 100 ni 101, 2 na 99 ni 101, 3 na 98 vilevile, jozi ziko 50. Nilifungua mdomo niseme nikaambiwa nyamaza. Wanasimulia Gauss, yule bingwa wa hesabu Mjerumani, naye aliifanya hivyo akiwa mtoto, ila yeye walimsikiliza. Mimi tangu siku ile kila kitu naandika, naweka nakala, hata ujumbe wa simu sifuti. Ndo somo langu hilo, nirekodi?

Monita [13:44]: _Ujumbe huu umefutwa_

Monita [13:46]: _Ujumbe huu umefutwa_

Kengele [13:46]: wa kwanza nimeuwahi 👀

Mama Mlezi [16:47]: Wanangu

Kengele [16:47]: Shikamoo mama

Mtoro [16:47]: Shikamoo mama

Kamusi [16:48]: Shikamoo mama

Mama Mlezi [16:59]: Marahaba. Nimesoma yote nilikuwa natafuta miwani. Mwalimu wenu masikio yamepungua, mwaka wa pili huu. Ukimpigia simu anaitikia ndiyo ndiyo tu hajasikia kitu. Hizo sauti azifanyie nini. Andikeni kwa mkono, herufi kubwa, macho bado anayo

Mama Mlezi [17:06]: Na wewe mwanangu wa 5050 usitume karatasi, njoo mwenyewe. Lile daftari alikuja nalo kwangu jioni ileile kunionyesha. Alijua umeipata. Kwa nini kesho yake hakurudi kusema mbele ya wenzio, kamwulize yeye, mimi siwezi kumjibia

Monita [19:10]: Asante mama. Basi sauti tunaacha, tunaandika barua. Nani atazikusanya?

Monita [19:31]: Nani atazikusanya jamani

Monita [19:58]: Dawati la Nyuma nimekutumia ujumbe pembeni. Ukipata nafasi

Kengele [20:15]: mwandiko wangu mnaujua, herufi kubwa ndogo ni uleule

Mtoro [20:16]: kwa hiyo sare ndio au hapana

Dawati la Nyuma [22:40]: Hiyo tarehe 28 ni saa ngapi?

Monita [22:40]: Saa nne asubuhi. Unakuja??

Jirani wa Dirisha [05:55]: Habarini, simu ilizima tangu juzi. Sauti yangu hiyo hapo, dakika sita, samahanini nimeshindwa pa kukata 🎤