Maonyesho ya picha za Kahuzi-Biega: mbona A3 inatoka na ukungu?

Kijana_Bagira: Jambo wakubwa. Tunaandaa maonyesho ya picha 12 shuleni kuhusu hatari zinazowakabili wanyama wa Kahuzi-Biega, mbuga ya taifa karibu na Bukavu, mashariki ya Kongo. Nyingi zimetufikia kwa WhatsApp. Kwenye simu ziko safi, ila tukichapisha A3 zinatoka na ukungu, na gorila anakuwa wa kijivu. Ni printa?

Foto_Kadutu: Printa haina kosa. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida, WhatsApp huibana hadi pikseli 1600 hivi kwa upande mrefu. A3 ina sentimita 42, kwa hiyo unabaki na pikseli 97 kwa inchi. Tafuta angalau 150, yaani pikseli 2480. Aliyepiga aitume upya kama faili, si kama picha.

Hapo angalia: faili nzima inakuja na alama za GPS pia, zinazoonyesha picha ilipigwa wapi, kama mpangilio wa mahali ulikuwa umewashwa kwenye simu. Fungua maelezo ya picha, futa mahali, ndipo uipitishe kwenye grupu. Jangili naye yuko kwenye magrupu.

Kijivu ni kamera: manyoya meusi yakijaa fremu, inadhani kuna giza, inaongeza mwanga. Wakati wa kupiga, gusa uso wa gorila kwenye kioo kisha telezesha alama ya jua chini. Flashi usiwashe kabisa. Zilizokwisha kupigwa, zihariri kwenye simu: shusha vivuli mpaka manyoya yawe meusi, macho uyaache.

Mama_Ibanda: Kati ya hizo 12, nyuso za gorila ni ngapi? Mimi ningeweka 2 tu. Uso mzuri unaonyesha mnyama, hauonyeshi hatari. Weka picha ya mtego wa waya wa breki ya baiskeli, upigwe karibu mpaka fundo lionekane, kalamu ya biki kando yake watu wapime ukubwa. Chini andika: «Umetegewa wanyama wadogo. Gorila akiingiza mkono, waya unakaza kila anapovuta.» Kiswahili kwanza, Mashi, kisha Kifaransa.

Makala (mkaa) pia: piga gunia na kisiki, si sura ya mama aliyebeba. Mukiweka sura yake, watu watamjadili yeye, msitu watausahau.

Kijana_Bagira: Asante mama. Tuna moja ya mtoto wa sokwe amekumbatiwa na mtu, inapendwa sana. Tuiweke mlangoni?

Mama_Ibanda: Hapana, itoe. Mtu akiona hivyo anatamani wa kwake nyumbani. Ili mtoto huyo apatikane, mara nyingi mama yake ameuawa, na wengine wa kundi waliomtetea. Ombeni kituo cha Lwiro, wanaolea sokwe yatima tangu 2002, picha ya sokwe wakiwa wenyewe kwa wenyewe.

Foto_Kadutu: Na kama mtapanda kupiga nyingine, barua ya ruhusa ya ICCN, shirika la serikali linalosimamia mbuga, ipatikane kwanza. Barie (vizuizi vya barabarani) na askari musipige, hata kwa mbali.